Blanketi la Viraka Laki Tatu na Nusu, Aliyelishona Hata Hajatajwa!

Leo naomba tukae chini tuongee, maana hili jambo limenikaa kooni wiki nzima na nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Kuna dada mmoja wa mjini. Jina nalificha kwa sababu sina hela ya wakili. Wafuasi anao wa kutosha, akiposti hata chai ya rangi watu wanajaa kama daladala la jioni. Wiki iliyopita kaposti picha: kitanda cheupe, dirisha kubwa, kikombe cha kahawa pembeni, na juu ya kitanda limetandikwa blanketi la vipande vipande vya vitenge. Kali, sikatai. Chini ya picha kaandika kwamba ni kazi ya mikono yake, ubunifu wake mwenyewe, toleo la kwanza, bei laki tatu na nusu, anayetaka aende inboksi.

Komenti zikawaka. "Umeua." "Dada una kipaji hadi unaboa." "Hili la kwangu, usimuuzie mtu."

Kiukweli hata mimi nilishaanza kuandika yangu. Kidole kipo kwenye kutuma, macho yakatua kona ya chini kulia ya lile blanketi. Kuna ndege wa njano, kichwa chini, miguu juu.

Huyo ndege nimemshona mimi.

Simaanishi ndege anayefanana na wangu. Namaanisha mimi, kwa mkono huu unaoandika hapa, nilimkata, nikamgeuza vibaya, nikamshona kichwa chini, nikatamani kumfumua, nikakatazwa. Nimkumbukaje? Utamsahauje ndege aliyekufanya uchekwe na banda zima Nane Nane?

Sasa ngoja niwape stori yote tangu mwanzo, afu mniambie kama mimi ndo nina wivu au kuna kitu hakiko sawa.

Nilikwenda kula nyama, nikaishia kwenye sindano

Kwa wasioijua Moro, mji kasoro bahari, kila mwaka tarehe 1 hadi 8 Agosti tunakuwa na maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Mashariki. Morogoro, Dar, Pwani na Tanga wote wanakutana kwenye uwanja wa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, pale barabara ya kwenda Dar. Jina ni maonesho ya wakulima, na kweli ng'ombe wapo, mbegu zipo, matrekta yapo. Ila sisi vijana tujuane: wengi tunaenda kwa ajili ya nyama choma, picha na kuonana na watu. Mimi nilienda kwa hayo hayo matatu.

Vumbi la Agosti mnalijua. Nikawa natafuta kivuli, nikajibanza kwenye banda moja la wajasiriamali. Kina mama kama sita hivi, mbele wametundika mablanketi, mito, vitambaa vya meza, vyote vimeshonwa kwa vipande vya vitenge. Nilisimama kama nimepigwa shoti. Yaani rangi zilivyokaa, unaona moja inaita nyingine. Wazungu vitu hivi wanaviita kwilti. Kwa Kiswahili chetu tunasema blanketi la viraka, tena tukishasema hivyo tunamaliza na kicheko.

Mbele ya banda kuna boksi limekatwa, limeandikwa kwa kalamu nene: MAFUNZO SIKU 3, ELFU 20, SINDANO UTAPEWA.

Nikauliza kwa utani, "Shikamoo mama. Hata asiyejua kuvalisha uzi anafundishwa?"

"Marahaba mwanangu. Huyo ndo rahisi. Anayejua kidogo ndo ananisumbua."

Nikatoa elfu 20. Nyama nikasahau.

Darasa lenyewe

Tulikuwa wanafunzi wanne. Mimi, binti mmoja anayesoma SUA, mwalimu mstaafu wa kiume mwenye miwani ya kufungia kamba, na kijana wa bodaboda aliyekuja kuomba kuchaji simu akajikuta ameshikishwa mkasi. Mwalimu wetu hapa tumwite Mama Fundi, maana hakunituma nimtaje na mambo ya mtandao ana mashaka nayo.

Siku ya kwanza hatukushona hata mshono mmoja. Tulikata tu. Kitenge kipya kwanza kinafuliwa, kwa sababu kikichuja rangi baadaye kitaharibu majirani zake, na kikirudi nyuma kitavuta blanketi lote lijikunje. Ukishafua unanyoosha kwa pasi, pale kulikuwa na pasi ya mkaa, halafu unaweka kipimo cha boksi gumu, mraba wa inchi 6 na nusu, unachora kwa chaki, unakata.

Kwa nini sita na nusu? Kwa sababu robo inchi inaliwa na mshono kila upande, kipande kinabaki inchi 6 kamili. Nikamuuliza, "Sasa mama, mtu akizidisha kidogo tu kuna shida gani?" Akaniambia nipige hesabu mwenyewe. Mstari mmoja una vipande 10, kwa hiyo kati yake kuna mishono 9. Ukizidisha nusu ya robo inchi kila upande wa mshono, kila mshono unakula robo inchi zaidi. Mara 9, umeshapoteza zaidi ya inchi 2. Mstari wako hautakutana na wa mwenzako mpaka Yesu arudi.

Nilipata D ya hesabu Form Four. Hiyo hesabu niliielewa pale pale.

Siku ya pili tukapanga vipande kwenye mkeka. Hapa ndo nilijua kuna watu wana akili ambazo vyeti havipimi. Mama Fundi anasimama mbali, anafumba jicho moja, anasema, "Hapo pameungua." Maana yake rangi kali zimerundikana sehemu moja. Anahamisha kipande kimoja tu, chenye weusi kidogo, na blanketi zima linatulia. Yule mwalimu mstaafu alijaribu mara saba, akakata tamaa, akasema afadhali Kidato cha Pili C.

Ukishapanga unashona mstari mmoja mmoja kwa cherehani. Unapiga pasi mishono ilale upande mmoja, mstari wa kwanza ilale kulia, wa pili ilale kushoto, ili ukiunganisha ishikane vizuri na isifanye nundu. Siku ya tatu tukaonyeshwa kuunganisha tabaka tatu: chini bitana, katikati blanketi jepesi la mtumba, juu vile vipande. Unapiga bandi kuanzia katikati kwenda nje ili visicheze, halafu unashona kwa mkono kupita tabaka zote tatu, sindano chini, sindano juu, mpaka vidole vinakataa. Mwisho mkanda wa pembeni.

Mstari wetu wa mazoezi ndo ule wenye ndege wangu. Nilipoona nimemgeuza nikachukua wembe nimfumue. Mama Fundi akanishika mkono. "Muache. Mshono wako umenyooka, ndege tu ndo kalewa. Hii itakuwa saini yako." Mstari ukaingia kwenye blanketi moja aliloanza nyumbani, lilikuwa limebakiza mstari mmoja tu wa chini. Jioni ile, tarehe 7, likatundikwa mbele. Nililipiga picha kama mzazi kwenye mahafali.

Tarehe 8 nikarudi kuaga. Blanketi halipo.

"Limeondoka jana usiku usiku," Mama Fundi akaniambia. "Dada mmoja mzuri, miwani mikubwa, anawahi treni. Nilimtajia laki na 20. Kanibana, kanibana, tukaishia 85."

Hapo sikuwaza kitu. Nilifurahi hata. Siku hizi tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Moro, Juni 2024, watu wanakuja asubuhi na usiku wako kwao. Nikasema safi, ndege wangu kapanda treni ya umeme.

Kumbe kaenda kubadilishwa mzazi.

Tupige hesabu ya hilo blanketi

Najua kuna mtu tayari anasema, "Acha wivu, biashara ni kununua na kuuza." Nakubaliana naye kwa asilimia zote. Kununua 85 ukauza 350 hakuna kosa. Kapiga picha nzuri, kalitafutia soko, kaweka jina lake. Hata muuza nyanya wa Soko Kuu la Chifu Kingalu hajalima nyanya, na hakuna anayemwita mwizi.

Ila muuza nyanya hasemi kalima yeye.

Hapo ndo shida yangu ilipo. Na kabla sijamshukia dada wa watu, ngoja niwaonyeshe kilichomo ndani ya ile 85.

Blanketi lina upana wa futi 5 na urefu wa futi 6. Vipande vya inchi 6, ni 10 kwa 12, yaani vipande 120. Gunia la mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi, elfu 10. Shuka la bitana, elfu 12. Blanketi la mtumba la kuweka katikati, elfu 10. Nyuzi na sindano, elfu 4. Jumla 36,000. Hiyo ni kabla hajakaa kwenye cherehani.

Kazi yenyewe inamchukua siku 6, kuanzia kufua hadi mkanda wa pembeni. Toa 36 kwenye 85, inabaki 49. Gawa kwa siku 6. Ni kama elfu 8 kwa siku. Hapo hujatoa mchango wa banda, nauli, na chakula cha siku nane za maonesho.

Na huyo dada ni mnunuzi mzuri, naapa. Kwa siku tatu nilizokaa pale nimesikia watu wakitaja elfu 30. Kuna baba mmoja, kavaa vizuri, ufunguo wa gari unaning'inia kidoleni, kasema, "Hivi si viraka tu hivi? Elfu 30 nachukua sasa hivi." Elfu 30! Yaani Mama Fundi ashone siku sita, halafu aongeze na elfu 6 kutoka mfukoni kwake ili mzee alale vizuri.

Na mimi nisijifanye malaika. Mwaka juzi uwanja ule ule nilibembeleza kapu la ukindu kutoka elfu 15 hadi elfu 7, nikaondoka natamba kwa washikaji kwamba nimempiga mtu bao. Leo ndo najiuliza lile kapu lilisukwa siku ngapi.

Hili neno kiraka limetuponza

Nimewaza sana kwa nini tunajiona tuna haki ya kukata bei ya kitu hiki hadi mfupani. Nadhani ni jina. Mtu akisikia kiraka anaona suruali iliyotoboka matakoni. Anaona njaa.

Ajabu ni kwamba uwanjani neno hilo hilo ni sifa. Mchezaji anayecheza beki wa kulia, kesho kiungo, keshokutwa beki wa kati, na kote anaupiga mwingi, tunamwita kiraka na makocha wanagombea saini yake. Kwa nini akiwa mpira ni lulu, akiwa mama na cherehani ni elfu 30?

Tena viraka vipo kwenye asili yetu kabisa. Chukua kanga. Simulizi inayojulikana zaidi ni kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na pwani walikuwa wananunua leso za mraba zilizochapishwa, zinauzwa kwa jora kabla hazijakatwa. Wakaona akili: wakakata leso sita, tatu wakaziweka juu, tatu chini, wakaziunga zikawa nguo moja kubwa. Baadaye wafanyabiashara wakaona wanawake wametangulia, wakaanza kuchapisha nguo nzima kwa ukubwa huo. Ndiyo maana hadi leo kuna sehemu wanaiita kanga leso. Yaani nguo tunayoitolea mahari, tunayozalia na kuzikiana, ilianza kama vipande sita na mwanamke mwenye sindano. Jina la huyo mwanamke unalijua wewe? Hata mimi silijui. Hakutajwa.

Vuka bahari uende India, jimbo la Karnataka. Kule kuna jamii inaitwa Siddi, wazee wao walitoka Afrika, wengi upande wetu huu wa mashariki, wengi wakiwa watumwa. Wanawake wa Kisiddi wanashona mablanketi ya nguo kuukuu wanayaita kawandi. Wanaanza pembeni, wanazunguka kidogo kidogo mpaka wanafika katikati. Wakimaliza wanashona kwenye kila kona pembe tatu ndogo za kitambaa, wanaziita phula, maana yake ua. Blanketi lisilo na phula wanasema liko uchi. Niliposoma hiyo nikamkumbuka ndege wangu pale kona.

Na Marekani, jimbo la Alabama, kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend. Kina mama weusi, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba, walishona viraka vya nguo za kazi zilizochoka ili watoto wasife baridi. Mwaka 2002 mablanketi yao yakatundikwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa Houston, yakazunguka miji mikubwa, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayaweka kwenye stempu. Raha, si ndiyo? Ila mwaka 2007 baadhi ya hao kina mama walikwenda mahakamani wakidai kwamba kazi zao zinatengeneza hela na haki yao haiwafikii. Mwaka uliofuata kesi zikamalizwa kwa makubaliano. Kwa hiyo hii ya kwetu siyo mpya. Kazi inasafiri mbali, mshonaji anabaki kijijini.

Houston hiyo hiyo kila mwaka wanafanya tamasha la kwilti, makumi ya maelfu ya watu wanakwenda, wengine wanapanda ndege, wanalipia madarasa ili wafundishwe robo inchi ile ile niliyofundishwa mimi kwenye vumbi kwa elfu 20. Kwetu mtu anapita na ufunguo wa gari anasema si viraka tu hivi.

Bibi yangu ananicheka

Naomba niseme na langu, maana nisipolisema nitakuwa mnafiki.

Bibi yangu mzaa mama yuko Nyandira, Mgeta, juu huko Uluguru. Waliofika wanajua baridi yake. Unapita Sangasanga, gari linaanza kupanda, ukishaona kabichi na karoti zimelala kwenye matuta ya mlimani ujue jaketi ndo muda wake. Nilipokwenda kuanza Form One bweni, bibi alinipa blanketi alilolishona mwenyewe. Magauni yake ya zamani, khanga zilizochakaa, hadi shati la sare la mjomba.

Wiki ya kwanza tu bweni wasichana wakanipa jina. "Viraka." Nikitoka kuoga, Viraka huyo. Mwezi wa pili nikalificha chini ya godoro nikawa nalala na shuka jembamba, natetemeka hadi asubuhi. Likizo nikalirudisha nyumbani nikamwambia bibi kwamba shule hawaruhusu. Hakusema kitu. Alilikunja, akalirudisha sandukuni.

Juzi nimempigia simu nikamwambia kuna blanketi kama lile linauzwa laki tatu na nusu. Kicheko alichokitoa, hadi mtandao ulikatika. Alivyorudi hewani akasema, "Si mlisema ni la kimaskini? Basi mimi nimelala na milioni miaka yote hii."

Nilicheka naye. Nilivyokata simu nikalia kidogo, siwafichi.

Ndiyo maana sitaki kumtukana huyu dada. Yeye kaona thamani pale ambapo mimi niliona aibu. Jicho analo. Alichokosa ni ulimi wa kusema "nimenunua Morogoro, kwa mama fulani".

Mama Fundi mwenyewe anasemaje?

Nilimfuata kwake Mji Mpya na simu yangu nikamwonyesha ile posti. Nilitegemea akasirike nipate stori kali ya kuwaletea. Hakukasirika. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akakagua mishono, akasema picha imepigwa vizuri ila blanketi wamelitandika kinyume, upande wa miguuni wameuweka kichwani. Kisha akaniuliza, "Hao wote waliokomenti wanataka kununua?"

Nikamwambia wengi ndiyo.

Akanyamaza kidogo. "Mimi hela yangu nilishakula, mwanangu. Angeuza hata milioni, ni riziki yake. Ila angesema tu limetoka wapi, hawa wawili watatu si wangenitafuta? Mimi na wenzangu tunaweza kushona hata mablanketi manne kwa wiki. Kinachotukosesha usingizi ni oda."

Wadau, hapo ndo nilikaa kimya. Mimi nilikuwa nawaza heshima, jina, sijui haki. Yeye anawaza oda. Na ukiangalia vizuri ni kitu kimoja. Jina likitajwa, oda inajua njia. Jina likifichwa, oda inaishia kwenye inboksi ya mtu ambaye hajui hata pasi inapigwa upande gani.

Halafu jiulize, hizo oda zikija huyo dada atafanyaje? Kushona hajui. Itabidi arudi Moro, amtafute Mama Fundi kimya kimya, ambane tena mpaka 85. Au atafute mwingine mwenye shida zaidi akubali 60.

Nilimwandikia inboksi kwa adabu zote, nikaweka na picha yangu ya tarehe 7 yenye ndege kichwa chini. Kasoma. Alama nimeziona. Kimya hadi leo.

Sasa tufanyeje?

Sitaki niishie kulalamika, tumezoea kulalamika.

Kwa kina mama na dada zangu mafundi: shoneni jina kwenye kona. Kipande kidogo cha kitambaa, jina, mji na namba ya simu, kishoneni kwa ndani kipite tabaka zote tatu, anayetaka kukitoa alitoboe blanketi lake mwenyewe. Pigeni picha kila kazi kabla haijaondoka. Na bei iandikeni kwenye karatasi, chini yake andikeni gharama za vitu na siku za kazi. Mtu akitaka kupunguza aone anakata wapi. Nimemwambia Mama Fundi, na lebo za kwanza nimemwandikia mimi kwa mkono, bure. Mwandiko wangu ni mzuri kuliko hesabu zangu.

Kwa mnaouza mtandaoni: nunueni, uzeni, pateni faida, hakuna anayewakatalia. Semeni tu "imeshonwa Morogoro". Maneno mawili. Hayapunguzi hata mia kwenye bei yenu, tena wateja wa siku hizi wanapenda kujua kitu kimetoka wapi.

Kwa sisi wanunuzi: kabla hujataja elfu 30, uliza swali moja tu. "Mama, hii umeshona siku ngapi?" Ukishajibiwa, kama bado una mdomo wa kupunguza, basi punguza.

Na kwa Moro yangu: huu mji una nguo kwenye damu. Tuna 21st Century Textiles wanatengeneza vitambaa, tuna Mazava wanashona nguo za michezo zinakwenda nje ya nchi, tuna mafundi kila kona na mabaki yao yanatupwa kwenye mitaro. Tunashindwa nini kuwa na siku yetu ya mablanketi ndani ya Nane Nane? Siku moja kati ya nane. Kila mama atundike kazi yake na jina lake, madarasa yafanyike, watu wa Dar waje na treni. Ng'ombe hawatanuna.

Mimi darasa nimemaliza. Naanza blanketi langu la kwanza, nina vipande 34, bado 86. La kwanza linakwenda Nyandira. Na ndege yupo, nimebakiza kitenge chake. Atakaa kona ya chini kulia, kichwa chini, makusudi.

Haya, uwanja ni wenu. Nina wivu, au huyo dada kazingua? Na wewe umewahi kuona kazi yako inaposti kwa jina la mtu mwingine ukafanyaje? Dondosha komenti. Ila majina ya watu msiyaweke, nimeshawaambia wakili sina.